Kiti cha Mama Breki

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alianza kufundisha udereva nikiwa bado msichana, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Breki. Gari la mafunzo, kama hujawahi kulipanda, lina breki mbili: moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na hiyo ya pili ndiyo iliyompa jina. Mwanafunzi akisahau kukanyaga, yeye hasahau. Watu wameingia kwenye gari lile dogo jeupe wakijiona mabingwa, wakatoka shati limelowa jasho, lakini wakatoka madereva.

Alikuwa na sheria moja kubwa, na alimwambia kila mwanafunzi kabla hajawasha gari: "Macho mbele, masikio kwangu." Hakutaka kabisa mtu amtazame. Ukimgeukia kumuuliza kitu, anakusukuma shavu kwa kidole kimoja mpaka uso urudi barabarani. Anayemtazama mwalimu haoni anachokwenda kugonga, ndivyo alivyosema. Kwa hiyo kazi yake yote ilipita mdomoni. Kanyaga klachi, ingiza gia, achia taratibu, kulia, kushoto, simama. Jioni alirudi nyumbani koo limekauka, na bado alibakiza akiba ya kutosha kumgombeza kaka yangu.

Kaka yangu ni kinyozi. Nampenda, tumenyonya ziwa moja, lakini mtu huyo anaongea! Mteja akikaa kwenye kiti chake anatoka nywele zimepungua na habari zimezidi. Gari hajui hata linawashwaje. Mkewe alishamwambia mara nyingi aje amfundishe bure, na jibu lake lilikuwa lilelile: "Nikitaka kugombezwa si nabaki tu nyumbani? Nipande gari la nini?"

Mimi nilihamia kwao nilipofiwa na mume wangu, na asubuhi ile nilikuwepo. Tulikuwa mezani. Kikombe kilimponyoka wifi yangu mkono wa kulia, chai ikamwagika, nikadhani ni uzembe, nikainuka kutafuta kitambaa. Niliporudi alikuwa ananitazama kwa macho ya hasira, mdomo umekwenda upande, anataka kuniambia kitu na kinachotoka ni sauti tu isiyo na neno. Kaka alipiga kelele mpaka majirani wakaja na gari. Hospitali wakasema ni kiharusi.

Mguu ulirudi kwanza, mkono ukafuata. Maneno hayakurudi. Na hapo ndipo tulipochanganyikiwa wote, kwa sababu tunachosema anakielewa. Ukimwambia habari ya kuchekesha anacheka panapostahili. Ila yeye akitaka chumvi, anasema "mlango", anajua amekosea, anajaribu tena, inatoka "mlango" ileile, anapiga meza. Mimi kwa muda mrefu niliitwa Kijiko. Nilikuwa naitikia, nifanyeje? Cha ajabu ni kwamba mtoto wa jirani akimwambia "Shikamoo", "Marahaba" inatoka safi kama zamani, na siku alipojigonga kidole cha mguu kwenye kitanda alitoa tusi kamili lisilokosa hata herufi. Kaka alifurahia lile tusi kuliko pongezi yoyote aliyowahi kupewa.

Daktari wa wodi alituambia jina la hali ile, afasia, akatuelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Huyu alikuwa dada mmoja mpole mwenye subira ya kupitiliza, na kaka akambandika jina papo hapo: Daktari wa Maneno. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kina meza, viti vya plastiki, na boksi la kadi za picha. Alitueleza taratibu, akimtazama mgonjwa na si sisi.

"Mama, akili yako iko palepale. Maneno nayo yapo. Njia ya kuyatoa ndiyo imeharibika, na sisi tutatafuta njia nyingine. Itachukua muda. Na huenda yasirudi yote, sitaki nikudanganye."

Mama Breki alitikisa kichwa kukubali. Nilimpenda yule dada kwa kutomdanganya.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Dada anaonyesha picha, anasubiri. Jina lisipokuja anampa sauti ya kwanza, "sa...", na wifi yangu anasukuma mpaka "sahani" inatoka. Wakati mwingine anamshika mkono wa kushoto, wanagonga meza pamoja, neno wanalisema kama wanaliimba, pigo kwa kila silabi. Picha za wanyama ndizo zilizomuudhi. Alipoonyeshwa twiga aliisukuma kadi mpaka ikaanguka chini. Nami nilimwona ana haki. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha gari ana shida gani na twiga?

Lakini tatizo letu kubwa halikuwa twiga. Lilikuwa kaka yangu.

Tangu mkewe atoke hospitali, kaka alikuwa amejipa kazi ya kuwa mdomo wake. Mke akifungua mdomo, mume ameshamaliza. "Anataka maji." "Anasema jua kali." "Anasema mguu unamuuma kidogo." Mara nyingi alipatia, maana wameishi pamoja miaka na miaka, na hakuwa na nia mbaya hata chembe, hakuweza kuvumilia kumwona akihangaika. Mimi mwenyewe nilimwona mume bora. Mgeni yeyote angeingia na kutoka bila kujua kwamba mama mwenye nyumba hakusema kitu.

Siku moja akaja mwenye shule ya udereva, ambaye kila mtu anamwita Bosi. Alikuja na mfuko wa machungwa, akakaa, akazunguka zunguka kwa maneno, mwishowe akauliza alichokuja kuuliza.

"Sasa Mwalimu, tukutegemee au vipi? Wanafunzi wanakuulizia. Na gari lako limekaa tu."

Mama Breki alikaa wima. "Mimi," akasema, na hilo lilitoka vizuri. "Mimi na... nata... na..."

"Anataka kupumzika," kaka akamalizia, akimpapasa bega. "Barabara zimemchosha, Bosi. Amefanya kazi sana huyu."

Bosi aliinamisha kichwa kwa huzuni, nadhani na kwa nafuu pia. Akasema anaelewa, na kwamba kuna mwalimu mwingine kijana ambaye amekuwa akiomba nafasi. Mwisho wa mwezi atamkabidhi gari jeupe. Alipoinuka kuaga, wifi yangu alisukuma machungwa yote sakafuni. Yakabingirika hadi chini ya kabati.

"Inamuuma kuiacha kazi," kaka akamweleza Bosi mlangoni. "Atazoea."

Nilipokuwa nimepiga magoti naokota machungwa, nilimwona wifi yangu ananitazama. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Sikujua ni nini.

Tuliporudi kwa Daktari wa Maneno, alimkuta mgonjwa wake amefunga mdomo, hataki kadi, hataki kugonga meza. Akatuuliza kuna nini. Kaka akaanza: "Unajua, daktari, ana majonzi ya kazi, amemwambia Bosi anataka kupumzika lakini..."

"Baba, samahani. Nimemuuliza Mama."

"Ndiyo, ndiyo. Anasema kwamba..."

Yule dada hakukasirika. Aliinuka, akamimina maji kwenye glasi, akampa kaka yangu. "Baba, naomba upige funda moja, kubwa. Usimeze. Likae mdomoni mpaka nitakapokuambia."

Jamani! Kinyozi wetu alikaa pale mashavu yamevimba, macho yamemtoka, na mimi nilijibana mbavu nisicheke. Halafu dada akamgeukia wifi yangu, akamuuliza maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, akisubiri. Ulimwambia Bosi unataka kupumzika? Kichwa kikatikisika: hapana. Kuna mtu alikusemea? Ndiyo. Ulitaka kusema utarudi? Hapo wifi yangu alipiga kifua chake kwa kiganja, mara nyingi, machozi yanamshuka, na neno likatoka limevunjika vipande viwili lakini likatoka: "Ru... di."

Kaka aliyameza maji vibaya. Alikohoa mpaka nikamgonga mgongo. Alipopata pumzi alikuwa mtu mwingine.

"Mke wangu, mimi nilidhani..." Akashindwa kumalizia. Kaka yangu, akashindwa kumalizia! Kisha akasimama. "Naenda kwa Bosi sasa hivi. Namwambia nilikosea mimi."

Mama Breki alifika mlangoni kabla yake. Alisimama pale, akanyoosha mkono kumzuia, na kwa mkono mwingine akajigusa kifua. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Angekwenda kusema yeye, kwa mdomo wake, kabla mwisho wa mwezi haujafika. Kama hawezi kumwambia Bosi kwamba anarudi, basi hawezi kumwambia mwanafunzi asimame. Nadhani ndivyo alivyoona, na alikuwa sahihi.

"Vizuri," akasema Daktari wa Maneno. "Basi kadi za wanyama tunaziweka kando. Tufanye maneno ya kazi yako. Ila nyumbani Baba ananiharibia dawa. Anakusemea kwa sababu kila utakachosema anakijua. Kuna kitu chochote ambacho Baba hakijui?"

"Gari," nikasema mimi. Ilinitoka tu, kwa hasira nusu na utani nusu. "Kaka hajui gari hata kidogo."

Yule dada alinitazama, akaanza kutabasamu. Kaka akaelewa la kumpata, akajishika kichwa.

Daktari wa wodi alimpima wifi yangu macho na nguvu za mguu, akasema kwenye uwanja uliofungwa, akikaa kiti cha mwalimu, hana pingamizi. Bosi akatupa uwanja wa mazoezi na lile gari jeupe siku za Jumapili ambapo hakuna masomo. Alidhani tunamliwaza mgonjwa tu. Ni uwanja wa kawaida, changarawe, mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu, kichaka cha maua kando ya ofisi ambacho wanafunzi wamekigonga mpaka hakioti tena upande mmoja. Kaka akaketi kwenye usukani. Mkewe akaketi upande wa breki ya pili, akajiweka pale, akavuta mkanda na kurekebisha kioo chake bila kutafakari. Mimi na Daktari wa Maneno tulikaa nyuma.

Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Wifi yangu alitaka kusema klachi, neno likagoma. Akaonyesha kwa kidole. Kaka akageuka kutazama kidole, na mkono uleule ukamsukuma shavu mbele. Akaonyesha tena, kaka akageuka tena, akasukumwa tena. Ndipo nilipoona mtego aliojitegea mwenyewe zamani. Nyumbani mikono ilimsaidia. Ndani ya gari mwanafunzi hana ruhusa ya kutazama mikono. Ni mdomo au hakuna kitu.

Daktari wa Maneno aliegemea mbele akamnong'oneza: "Gonga, Mama." Wifi yangu akagonga dashibodi kwa mkono wa kushoto, mara mbili. "Kla... chi." Kaka akakanyaga. Hakujua kinachofuata, hivyo alikaa kimya, macho mbele, akisubiri. Nilimsikia anavyohema. Sijawahi kumwona kaka yangu akimsubiri mtu amalize sentensi tangu tukiwa watoto. "Gi... a." Gari likanguruma, likaruka kama mbuzi, likaenda. Likaenda moja kwa moja kwenye pipa.

"Breki!"

Lilitoka zima, lenye sauti ileile ya kale, na mguu wake ulikuwa umeshakanyaga. Gari likazima. Pipa lilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu madoa yake ya kutu. Kaka akauinamia usukani akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akawa analia, na mkewe akamtazama kama anayetazama mwanafunzi mpumbavu, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Baada ya hapo Jumapili zilifuatana, na katikati ya wiki mazoezi ya chumbani, maneno yaleyale ya gari, kugonga na kuimba. "Taratibu" lilimtesa, alilipata kwa kuligonga silabi moja moja, ta-ra-ti-bu, na kaka alijifunza kuachia klachi kwa mwendo wa mapigo hayo, ikatokea kwamba hiyo ni njia nzuri ya kuiachia. "Macho mbele" nayo, sheria yake mwenyewe, haikutoka kabisa. Daktari wa Maneno alimwomba aiseme chumbani, akampa sauti ya kwanza, wakaiimba, ikagoma. Wifi yangu alitoka siku hiyo amenuna, akatembea mbele yetu mpaka kituoni.

Jambo lililotutia hofu hasa ni kulia na kushoto. Maneno haya yalimgeuka. Jumapili moja alisema "kulia" akiwa anataka kushoto, na kaka, mwanafunzi mtiifu, akakata kulia kuelekea kichaka cha maua. Gari lilisimama kabla ya kukifikia. "Si... siyo," akasema wifi yangu, anagonga goti lake. "Siyo. Ku... ku-sho-to." Uso ulimwiva kwa aibu. Nilidhani tumerudi nyuma. Daktari wa Maneno akaniambia baadaye kwamba zamani alilijua kosa lakini neno sahihi halikuja. Sasa alikuwa amelikamata, amesimamisha gari, na amelirekebisha mwenyewe. Nyumbani kaka naye alikuwa amebadilika kidogo. Aliweka glasi ya maji mezani karibu na sahani yake, na akijisikia anataka kumsemea mke, anapiga funda. Kuna milo alikunywa maji kama ngamia.

Jumapili ya mwisho ya mwezi Bosi alikuja uwanjani. Hatukumwita. Alikuja kulikagua gari jeupe, kwa sababu kesho yake ndiyo angelikabidhi kwa yule mwalimu kijana. Tulimwona akitoka ofisini na funguo za ofisi mkononi, na wifi yangu alimwona kabla yetu. Kaka alikuwa ameshaendesha kuzunguka mapipa yote bila kuzima, jambo ambalo mpaka leo anawahadithia wateja.

"Si... mama," akasema mkewe. Kaka akasimama.

Bosi akainama dirishani upande wa kaka. Akatusalimu wote, akasifu, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Kisha wifi yangu akafungua mdomo kumwambia kitu, na neno halikuja. "Ni... ni..." Akagonga goti. Halikuja. Bosi alisubiri kidogo, kwa adabu, halafu akafanya walichofanya watu wote miezi ile. Akamgeukia kaka yangu.

"Anasemaje, shemeji?"

Niliona shingo ya kaka kutoka nyuma, jinsi ilivyokakamaa. Jibu alikuwa nalo. Angeweza kulisema lote kwa pumzi moja: anarudi, kosa lilikuwa langu mimi, tafadhali usimpe mtu gari lake. Ningekuwa mimi ningelisema. Nilitaka aliseme, Mungu anisamehe, kwa sababu kimya kile kilikuwa kinaniua na kesho ilikuwa kesho. Kaka akanyoosha mkono akachukua chupa ya maji iliyokuwa karibu na gia. Akapiga funda kubwa. Mashavu yakavimba. Kwa kidole gumba akamwonyesha Bosi amuulize wifi yangu.

Bosi alishangaa. Hakuwa na la kufanya ila kumtazama Mama Breki, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama tangu augue.

Mkono wa kushoto ukagonga dashibodi. "Ki... ti." Akapumua. Akaweka kiganja kwenye kiti alichokalia. "Kiti. Changu."

"Hicho kiti?"

"Na-ru-di." Pigo, pigo, pigo. "Si... sikusema... pu-mzika. Narudi."

Bosi akainuka pale dirishani. Akatazama mapipa, hakuna lililoanguka. Akatazama kichaka. Si mtu mbaya, ana biashara yake. "Mwalimu, barabarani siwezi kukuweka," akasema. "Sasa hivi siwezi. Mwanafunzi akikosea kwenye magari mengi..."

Wifi yangu alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshalifikiria hilo kabla yake. Akaonyesha changarawe kwa kidole. "Uwanja," akasema, na hakugonga chochote.

"Wanaoanza?"

"Wanao... anza."

Bosi akazichezesha funguo mkononi. Yule kijana angechukua wanafunzi wa barabarani na gari lingine, akasema kama anajiambia mwenyewe. Hawa wapya, ambao hawajui hata klachi iko wapi, kwa kweli hakuna aliyewahi kuwapenda zaidi ya Mwalimu. "Kesho asubuhi, basi," akasema. "Lakini tujaribu kwanza." Akaondoka na funguo zake bila kukagua gari.

Daktari wa Maneno alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa blauzi akidhani simwoni. Kaka alikuwa bado na maji mdomoni, amesahau kumeza, machozi yanamtiririka kwenye yale mashavu yaliyovimba, na alikuwa amegeuka mzima mzima anamtazama mkewe kama hajawahi kumwona.

Kidole kimoja kikamsukuma shavu.

"Macho mbele," akasema Mama Breki.